Mtoto anayefungua redio: sayansi ya kushika kwa mikono itafika lini kijijini?

Tangu Januari 2024 mtaala mpya wa elimu umeanza kutumika Tanzania kwa awamu, na neno lililoenea hadi vijiweni ni "amali". Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza sasa anaweza kwenda mkondo wa jumla au mkondo wa amali, ambako anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya kazi. Serikali inasema inataka mhitimu anayejua kutenda, si anayejua kukariri tu.

Hilo mmeshalisikia sana. Kinachozungumzwa kidogo ni miaka ya shule ya msingi inayotangulia. Mtoto aliyetazama picha ya sumaku kitabuni tangu darasa la tatu, bila kuishika sumaku hata siku moja, atageuka mtu wa kutenda kwa muujiza gani akifika kidato cha kwanza? Fundi hapikwi kwa muhula mmoja. Anaanza na mtoto anayegusa, anayeharibu, anayeuliza kwa nini.

Huko nje lipo jibu moja ambalo limejaribiwa kwa zaidi ya miaka hamsini, nalo ni makumbusho ya watoto kushika. Makala haya yanaeleza makumbusho hayo ni nini, yalianzaje, na kipi katika hayo kinaweza kufika kijijini bila kusubiri jengo wala mfadhili.

Makumbusho yasiyosema "usiguse"

Kwetu ukisema makumbusho, mtu anafikiria vitu vya kale nyuma ya kioo. Na ni sawa. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka watoto wa darasa la nne walipokezane.

Lakini mwaka 1969, katika mji wa San Francisco huko Marekani, kulifunguliwa makumbusho ya aina nyingine. Yanaitwa Exploratorium. Ndani yake hakuna mali ya kale. Kuna vioo, lenzi, sumaku, maji, mchanga, magurudumu, kamba zinazotoa sauti, na mtoto anaruhusiwa kushika karibu kila kitu. Karakana inayotengeneza vifaa hivyo haijafichwa, wageni wanaona watu wakikata mbao na kuchomelea vyuma. Kifaa kikivunjika, kinatengenezwa. Kuvunjika ni sehemu ya kazi.

Aliyeanzisha ni mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert Oppenheimer, yule aliyeongoza maabara iliyotengeneza bomu la atomiki. Frank naye alishiriki katika mradi huo. Mwaka 1949 alipoteza kazi ya chuo kikuu kwa sababu za kisiasa: ilibainika kuwa zamani alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Hakuna chuo kilichotaka kumwajiri. Akaenda kufuga ng'ombe Colorado, akafuga kwa karibu miaka kumi.

Sehemu inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa vijijini. Baada ya miaka ya ufugaji, Oppenheimer akaanza kufundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo wa Pagosa Springs. Maabara ya maana hakuwa nayo. Akawa anawachukua wanafunzi wake hadi jalalani, wanaokota vipande vya magari na mashine zilizokufa, wanarudi navyo darasani kujifunza joto, umeme na mwendo. Alipoalikwa tena chuo kikuu, alikwenda na tabia ileile, akakusanya majaribio mengi ambayo mwanafunzi angeweza kuyafanya mwenyewe kwa wakati wake. Kutoka hapo ndipo likaja wazo la makumbusho.

Kwa hiyo makumbusho ya kushika maarufu kuliko yote duniani yana mizizi kwenye takataka za mji mdogo na mwalimu aliyekuwa mfugaji. Anayesema sayansi ya vitendo haiwezekani mpaka kontena la vifaa lifike kutoka ng'ambo, amweleze mzee huyo.

Jambo jingine la kuangalia ni wafanyakazi. Wanaokaa ukumbini na watoto si maprofesa. Wengi ni vijana wa umri wa sekondari, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kazi yao kubwa si kutoa jibu. Wanamwangalia mtoto anachofanya, kisha wanamuuliza: umeona nini? Ukigeuza hivi itakuwaje? Jaribu tena. Kwa maneno mengine, kaka na dada wa kidato cha tatu wanamfundisha mdogo wao. Vijana wa namna hiyo hatuna upungufu nao.

Jicho la ng'ombe

Tuchukue shughuli moja ya makumbusho hayo ambayo imefanyika kwa miaka mingi na imependwa sana: kupasua jicho la ng'ombe. Watu wanakusanyika mezani, kijana mmoja anashika wembe, na kila hatua inaambatana na swali.

Kwanza anaondoa mafuta na nyama zinazozunguka jicho. Nyama hizo ndizo zinazolizungusha jicho kutazama huku na huku. Halafu anakata ile ngozi ngumu ya mbele, konea, ambayo ng'ombe akiwa hai ni angavu kama kioo. Maji yanatoka. Nyuma yake kuna pazia jeusi lenye tundu, ndiyo mboni, na nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kama gololi laini inayopitisha mwanga. Ukiiweka lenzi hiyo juu ya gazeti, herufi zinakua. Hapo watoto hupiga kelele, na watu wazima pia.

Ndani zaidi kuna uteute mzito kama ute wa yai. Ukiuondoa unafika ukuta wa nyuma, wenye utando mwembamba unaopokea mwanga. Utando huo ukiuvuta unaachia kila mahali isipokuwa sehemu moja, pale mshipa unapotoka kwenda kwenye ubongo. Chini ya utando unaona rangi ya kung'aa, buluu na kijani, kama ganda la ndani la chaza.

Rangi hiyo inajibu swali ambalo kila mtoto wa mfugaji analo. Kwa nini ukimulika zizi usiku macho ya ng'ombe yanawaka? Mwanga wa tochi unaingia, unapita kwenye utando, unagonga ukuta huo unaong'aa na kurudi. Kwa hiyo jicho linapata nafasi ya pili ya kuutumia mwanga uleule, na ng'ombe anaona vizuri kuliko sisi kukiwa na mwanga hafifu. Mbuzi, paka na fisi wanao ukuta huo. Binadamu hatuna, ndiyo maana usiku tunajikwaa.

Hesabu gharama ya somo hilo kijijini. Jicho, ambalo kwa mchinjaji mara nyingi halina bei. Wembe. Sahani. Gazeti la zamani. Sabuni. Nusu saa.

Tahadhari zipo, na si za kupuuza. Jicho litoke kwa mnyama aliyechinjwa machinjioni baada ya mkaguzi wa nyama kumpitisha, siku hiyohiyo. Kamwe lisitoke kwa mzoga. Kimeta kipo nchini mwetu, na mnyama aliyekufa ghafla haguswi wala hapasuliwi, hata kwa ajili ya elimu. Wembe anashika mtu mzima au kijana aliyefundishwa, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla mtu hajagusa kitu kingine.

Aiskrimu ya Mpemba

Sasa turudi nyumbani kabisa. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Jina lake Erasto Mpemba. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa. Mpemba akaogopa kukosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Alipofungua baada ya muda, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yalikuwa bado hayajaganda.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye Mpemba akagundua kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa wakilijua na kulitumia: waliweka maziwa ya moto ili yagande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Mwalimu wa huko alijibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu: kila akikosea, wenzake wanamwambia hiyo ni ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wote akauliza swali lilelile. Osborne hakuwa na jibu, lakini alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Aliporudi Dar es Salaam alihakikisha linajaribiwa. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala katika jarida la Uingereza la Physics Education. Ni mwaka uleule ambao Exploratorium ilifunguliwa, ingawa mambo hayo mawili hayakuhusiana.

Leo wanasayansi duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanabishana: je, hutokea kweli, hutokea lini, na kwa nini? Si muhimu hapa nani atashinda. Muhimu ni kwamba mtoto alishika kitu kwa mikono yake, akaona, akauliza, akachekwa na walimu wawili, na akabahatika kumpata mtu mzima mmoja aliyesema ngoja tujaribu. Maswali mangapi ya namna hiyo yamezimwa katika madarasa yetu tangu 1963? Haihitaji utafiti kujua ni mengi.

Nyumbani nako si salama sana. Mtoto anayefungua redio kutafuta anayeongea yuko wapi, wengi wetu tunajua kinachofuata ni fimbo. Mimi ninayekula kwa redio sitaki redio zenu ziharibiwe, tutaongea na nani? Lakini ile iliyokwisha kufa, ya betri, mpeni. Toeni betri kwanza, na betri kuukuu asizipasue. Televisheni iliyokufa asifungue kabisa, kwa sababu baadhi ya sehemu zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na jalala letu si kama lile la Oppenheimer. Lina sindano, viwembe na makopo ya dawa za kilimo, kwa hiyo mtu mzima atangulie kuchagua.

Mikono bila swali

Tusidanganyane kwamba kushika peke yake kunatosha. Hata Exploratorium wenyewe waliona watu wakibonyeza kitu, kikawaka, wakakimbilia kingine. Wakaanza kubuni vifaa vinavyomfanya mgeni akae muda mrefu na kujiuliza maswali yake mwenyewe. Kitu kinachowaka taa ukibonyeza hakifundishi zaidi ya swichi ya sebuleni.

Liko pia jambo la wasichana. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo baada ya kuwaangalia wazazi na watoto katika makumbusho ya watoto huko California. Watoto wa kike na wa kiume walishika vifaa vilevile. Lakini wazazi waliwaeleza wavulana kwa nini jambo linatokea karibu mara tatu zaidi ya walivyowaeleza wasichana. Wazazi hao hawakuwa na nia mbaya, huenda hata hawakujua. Sasa fikiria kwetu, ambako jioni mvulana yuko nje na gari lake la waya na dada yake yuko jikoni. Msichana huyo anajua moto, mvuke, chachu ya maandazi na kwa nini maharage yaliyolowekwa yanaiva upesi. Hiyo yote ni sayansi. Hakuna anayemuuliza.

Na hilo gari la waya lenyewe tulitazame vizuri. Mtoto amekunja waya akapata fremu, amekata magurudumu kutoka kandambili kuukuu, ameweka usukani mrefu unaogeuza matairi ya mbele. Tunaliita mchezo. Muulize kwa nini linapinduka kwenye kona, ataongeza upana wa matairi na kujaribu tena. Mpe jiwe alibebeshe, muulize aliweke wapi ili lipande kilima. Hapo ameshaingia kwenye kazi ya mhandisi, na hujatumia shilingi.

Mwalimu wa msingi atasema, na ana haki: nina watoto wengi kuliko madawati, na mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Hakuna karatasi inayouliza kama mtoto aliwahi kupasua jicho. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, kwa hiyo anafundisha kinachopimwa. Hapa lawama si ya mwalimu. Mtaala unaweza kusema kutenda mara mia, lakini kama upimaji unaendelea kuuliza kukumbuka, kukumbuka ndiko kutakakofundishwa. Kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo mageuzi haya yatafaulu au kukwama, kabla hata ya suala la majengo ya karakana.

Makumbusho juu ya pikipiki

Safari ya kwenda mjini kwa darasa zima ni ndoto kwa shule nyingi: nauli, chakula, pa kulala. Tanga mjini kuna bustani ya sayansi, STEM Park, ambako watoto wanachezea vifaa na kujifunza, na ni jambo la kujivunia. Lakini mtoto wa Kibondo au Tunduru hawezi kuamka asubuhi akaenda Tanga.

India walikutana na tatizo hilohilo. Shirika la Agastya, lililoanza mwaka 1999, lilipakia majaribio ya sayansi kwenye magari madogo na kuyapeleka shule za vijijini. Pale gari lisipofika, walitumia pikipiki yenye masanduku ya vifaa. Mwalimu mmoja, pikipiki moja, shule kadhaa kwa zamu. Vifaa vingi ni vya bei rahisi, na watoto wanashika wenyewe.

Pikipiki kwetu zipo hadi mwisho wa barabara, na mwisho wa barabara zinaendelea. Sanduku moja la vifaa linaweza kuzunguka shule zote za kata kwa muhula mzima: lenzi mbili tatu, sumaku, kipimajoto, balbu ndogo, nyaya, kioo, mizani. Shule ya sekondari ya kata ikitoa vijana wanne wa kidato cha tatu kila Ijumaa mchana, wasimamizi wamepatikana. Mipango ya namna hii haihitaji waraka kutoka Dodoma. Inahitaji mkuu wa shule, afisa elimu kata na kamati ya shule wakae meza moja.

Muda nao unasogea. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba nalo litamaliza. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, na wengi wao watasikia neno amali likielekezwa kwao.

Mzazi mwenye mtoto katika madarasa hayo ana maswali mawili ya kupeleka kwenye kikao kijacho cha shule. La kwanza, mtoto wangu ameshika kifaa gani cha sayansi kwa mikono yake muhula huu? La pili ni kwa zile shule ambako sanduku la vifaa lipo kweli, limeletwa, limepokelewa na kusainiwa, kisha likawekwa kabatini lisije likavunjika: ufunguo wa hilo kabati anao nani?